Kinyonga kwenye kioo: majibu ya wiki hii

Nimemweka kinyonga wangu kwenye kabati la kioo dirishani ili apate jua. Mbona anashinda amefumba macho? (Isevya, Tabora)

Mtoe humo kwanza, ndipo uendelee kusoma. Swali hili nimeshalijibu mara tatu mwaka huu, na bado wanyama wanafia kwenye vioo. Kioo hupitisha joto, lakini huzuia karibu miale yote ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, inayomsaidia kinyonga kutengeneza vitamini D. Akiikosa, kalsiamu ya chakula haimfai kitu, na mwili unaanza kuichota kwenye mifupa. Februari nililetewa mmoja aliyekaa kiooni kwa miezi. Nilipomgusa taya, lilibonyea kama sikio la mtu. Miguu ya mbele ilikuwa imepinda katikati ya mfupa, na ulimi hautoki tena. Siku ya tatu akafa. Halafu jua la Tabora la saa saba likipiga kioo, ndani panakuwa tanuri, naye hana pa kukimbilia.

Nenda kwa seremala akutengenezee fremu ya mbao yenye kimo cha mita moja na zaidi, upana nusu mita. Kinyonga ni mnyama wa juu, kwa hiyo usibane kimo. Pande zote ziwambwe wavu laini, kwa sababu waya wenye ncha humng'oa kucha. Ndani weka matawi membamba na manene, pamoja na chungu cha haibiskasi mbichi. Kizimba hicho kitoe nje asubuhi, nusu yake ikiwa kivulini muda wote, na usikiache bila mtu wa kukiangalia. Paka na kunguru hawachelewi.

Siku ya nne sasa hajagusa bakuli la maji. (Ujiji)

Hatagusa. Kinyonga hunywa matone yanayoning'inia kwenye majani. Nyunyizia majani asubuhi na jioni, kisha kaa kimya umtazame: jicho moja litageukia tone, atalisogelea polepole na kulilamba. Kabla ya kunyunyizia tena, acha pakauke, maana unyevu wa kudumu huleta ukungu.

Niweke wawili asiwe mpweke? (Urambo)

Hapana. Kila mmoja na kizimba chake, tena wasionane.

Balbu ya kawaida haitoshi badala ya jua? (Kasulu)

Inatoa joto tu. Taa maalumu ya miale ya urujuanimno nayo huchoka ingali inawaka, kwa hiyo ibadilishe kwa muda uliotajwa na mtengenezaji. Taa yoyote ikae nje ya wavu, kwani mjusi huungua mgongo bila kusogea. Usiku zima. Baridi ya Juni na Julai ikizidi, ingiza kizimba ndani.

Nimeokota mtoto wa kenge Kibirizi. Kizimba kiwe na ukubwa gani? (Kigoma)

Mrudishe pale pale ulipomtoa, leo. Kenge wa maji hupita mita moja na nusu, anang'ata, na mkia wake ni mjeledi. Hakuna chumba cha kupanga kitakachomtosha. Isitoshe, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kukamata mnyamapori bila kibali, na kinyonga wa porini yumo humo humo. Nawe wa Isevya, hukuniambia wako ulimpata wapi. Kama huna karatasi, nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya kabla ya kwenda kwa seremala. Na wale mnaowapa watoto pesa wawakamatie vinyonga vichakani, acheni. Wengi hufika mikononi mwenu wameshavunjwa mbavu.

Panzi wa shamba la tumbaku wanafaa? (Sikonge)

Usithubutu. Tumbaku hupigwa dawa, na sumu ya panzi mmoja inaweza kumuua kinyonga. Kamata panzi na nyenje kwenye nyasi ambazo unajua hazijapuliziwa, wasiozidi upana wa kichwa chake, na wapake unga wa kalsiamu kabla ya kumpa. Mdudu asiyeliwa hadi jioni mtoe, kwa maana nyenje mwenye njaa humtafuna kinyonga aliyelala.