Fremu inavuja na mwenye nyumba anakupiga chenga? Usigome kulipa kodi

Mkuu, umeuliza kama unaweza kugoma kulipa kodi mpaka mwenye nyumba abadilishe bati za fremu yako hapo Mwanjelwa. Naona wengi wamekujibu "goma tu". Mimi nasema usithubutu.

Nauza pembejeo Mafiati, fremu kadhaa chini ya paa moja. Mvua za Mbeya mnazijua, zikianza Novemba ni mpaka Aprili huko. Maji yalikuwa yanapenya kwenye misumari iliyoshika kutu, yanafuata mbao ya kenchi, halafu yanadondokea katikati ya stoo, palepale nilipopanga mbolea ya urea. Urea ikila unyevu inaganda, mfuko unakuwa mgumu kama tofali, na mkulima wa Uyole haugusi hata umpunguzie bei. Nikimpigia mzee mwenye jengo, jibu ni lilelile: "Vumilia mwanangu, kiangazi naweka bati mpya." Kiangazi kikifika, anauliza kwani panavuja wapi.

Shika kifungu cha 88 cha Sheria ya Ardhi ya 1999. Ukipangishwa sehemu tu ya jengo, basi paa, kuta za nje, mifereji mikuu na njia za pamoja ni jukumu la mwenye jengo, hata mkataba ukiwa kimya. Ila kifungu hichohicho kinakuhakikishia kukaa bila bughudha ilimradi unalipa kodi. Ukigoma, umempa sababu ya kukutoa. Kesi itakuwa ya deni lako, habari ya paa itasahaulika.

Mimi niliandika barua, nikaambatanisha picha na makadirio ya fundi, nakala kwa mwenyekiti wa mtaa. Nikaomba niezeke mwenyewe, gharama ikatwe kwenye kodi inayofuata. Mzee alinuna (wazee wetu huku barua wanaiona ni uchokozi), mwenyekiti ndiye aliyempoza, tukasaini nyongeza ya mkataba. Kabla hajasaini, usinunue hata msumari mmoja.

Akikataa kabisa, anzia Baraza la Kata wawapatanishe. Siku 30 zikipita bila suluhu, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hakikisha mkataba umelipiwa ushuru wa stempu TRA, asilimia 1 ya kodi ya pango ya mwaka, maana usiolipiwa utakataliwa kama ushahidi, na hapo wapangaji wengi wa fremu ndipo wanapokwama.

Kuna mchangiaji kasema sheria inasimamisha kodi. Ni kweli, lakini ni pale jengo linapoharibiwa na moto, mafuriko, dhoruba au ajali isiyo uzembe wako hadi halifai kutumika. Kodi, yote au sehemu, inasimama mpaka patengenezwe, na miezi 6 ikipita unaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya mwezi mmoja. Bati lililochakaa halimo humo.

Mkataba wako unasemaje kuhusu matengenezo? Piga picha hicho kipengele, ficha majina, kiweke hapa tukisome.