Masika haya, kausha kwanza ndipo ufunge

Tangu mvua zianze, maswali mengi ninayoletewa ni ya nywele. Nimechagua matano.

Nilipiga pasi nywele Jumamosi. Jumatatu nashuka daladala, zimesharudi kipilipili, na mvua haijanigusa hata tone. Zimeharibika? (Msomaji, Tabata)

Hazijaharibika, dada. Unywele ni protini iitwayo keratini, na umbo ulilolipata kwa pasi linashikiliwa na vifungo dhaifu ambavyo maji huvilegeza. Si lazima maji hayo yawe ya mvua. Hewa ya Dar es Salaam mwezi Aprili imejaa mvuke. Unywele unaufyonza, vifungo vinaachia, nao unarudi ulivyozaliwa. Nywele zilizowekwa dawa hazirudi hivyo, kwa kuwa dawa huvunja vifungo vingine, vile imara ambavyo maji hayaviwezi.

Zitaharibika ukizipiga pasi tena Jumatatu jioni, na tena Alhamisi. Pasi nyingi hufika sentigredi 200, na joto hilo likirudiwarudiwa linaukausha unywele hadi ukatike. Ushauri wangu ni kwamba tangu Machi hadi Mei pasi ikae kabatini. Rudia uzi mweusi wa bibi zetu: osha, gawa mafungu, zungushia uzi kuanzia kwenye ngozi hadi nchani, ziache zikauke, kisha fungua. Zinanyooka bila moto, na zikirudi kidogo hujapoteza kitu. Soma pia nyuma ya chupa ya losheni yako. Kama glisirini imetajwa mwanzoni kabisa, iweke kando kwa sasa. Glisirini huvuta maji, na kwenye hewa ya masika inavuta mengi mno, nywele zinavimba.

Naoga alfajiri na kuvaa mtandio nywele zikiwa bado mbichi. Mchana kichwa kinawasha na kinanuka, hadi naona aibu kuvua mbele ya wenzangu. (Msomaji, Unguja)

Usione aibu, dada yangu. Wanaoniuliza hili ni wengi kuliko unavyodhani. Kwenye ngozi ya kichwa ya kila mmoja wetu anaishi fangasi aitwaye Malassezia, chakula chake ni mafuta ya ngozi. Akipata joto na unyevu uliofungiwa, kwa wengi wetu mba huongezeka na muwasho huanza. Mtandio hauna kosa. Kosa ni maji yaliyobaki chini yake.

Panga siku ya kuosha iwe ya mapumziko, mchana, uwe na saa kadhaa za kukausha. Najua kuna alfajiri ambazo josho halisubiri. Siku hizo kamua nywele kwa fulana kuukuu ya pamba, usizisugue kwa taulo, gawa mafungu manne, kaa mbele ya feni au tumia drayer kwa hewa ya baridi mpaka ngozi ikauke. Ncha zikibaki na unyevu kidogo si neno. Ngozi ndiyo isibaki mbichi. Kofia ya ndani ibadilishe kila siku, na kwa kuwa masika nguo hazikauki vizuri kambani, ipige pasi kabla ya kuivaa. Hapo ndipo pasi ina kazi.

Kwa mba uliokwisha kuanza, uliza duka la dawa shampuu yenye ketokonazo. Paka kwenye ngozi, iache dakika 5, suuza, mara moja au mbili kwa wiki, kwa wiki 4. Na usimwagie mafuta kwenye ngozi inayowasha; unamlisha huyo fangasi. Muwasho ukiendelea baada ya hapo, muone daktari.

Msusi ananiambia nisuke rasta nikae nazo miezi mitatu hadi mvua ziishe. (Msomaji, Mombasa)

Miezi mitatu ni mingi. Wiki 6, zikizidi sana 8. Rasta zikilowa huwa nzito, na uzito huo unavutwa na vinywele vya mbele. Ukiona vipele kwenye paji au ukilala kwa maumivu, zimekazwa mno. Zifumue hata kama ulizilipia jana.

Mwanangu wa miaka 6 ana mabaka ya mviringo kichwani, yana magamba na nywele zimekatika. Jirani anasema nipake mafuta ya taa. (Mama, Tanga)

Mama, tafadhali usipake. Mafuta ya taa huunguza ngozi na mvuke wake ni hatari kwa mtoto. Unavyoeleza yanafanana na mapunye, nayo ni fangasi aliyeingia hadi ndani ya unywele, ambako krimu haifiki. Dawa yake ni ya kunywa, kama griseofulvini, hupimwa kwa uzito wa mtoto na kutumiwa kwa wiki kadhaa. Mpeleke kituo cha afya, na usikatize dozi nywele zikianza kuota. Likitokea jipu laini lenye usaha, nenda siku hiyohiyo. Wakague na ndugu zake, kila mmoja awe na chanuo lake, na kinyozi asafishe mashine kwa spiriti kabla ya kumnyoa.

Kisima chetu kina maji ya chumvi, sabuni haitoi povu. Nikinge ya mvua? (Msomaji, Kigamboni)

Kinga, tena kwa furaha. Maji ya mvua karibu hayana madini, sabuni inatoka yote na nywele zinabaki laini. Acha tu mvua ya mwanzo ioshe vumbi na kinyesi cha ndege kwenye bati, halafu ndipo uweke pipa. Yakiwa kidogo, osha kwa ya kisima na utunze ya mvua kwa kusuuza mwisho. Pipa lifunike vizuri, mbu wasije wakataga humo.