Wasome huku mikono ikifanya kazi

Mwalimu mwenzangu, umeuliza ufanyeje na watoto wa darasa la tatu wanaosoma kwa sauti vizuri, lakini ukiwauliza walichosoma wanakutumbulia macho. Usiwaongezee kurasa. Andika ubaoni maelekezo ya kuotesha maharage: lowesha pamba, ikamue kidogo, itie koponi, weka mbegu juu yake, weka kopo dirishani. Halafu nyamaza (hapo ndipo pagumu kwetu walimu). Aliyeruka kukamua atakuta maji yametuama koponi, naye atarudi ubaoni mwenyewe bila kufokewa. Kila asubuhi waandike mstari mmoja wa walichokiona, kisha wasomeane. Mzizi hutoka kabla ya jani, na watabishana kweli kweli kipi kilitangulia. Vitabu vya hadithi navyo vitoe kabatini, hata kama vitachakaa.