Hivi Busara na wenzao wanamsaidia msanii kweli? Jibu langu kwa mchangiaji wa Tanga

Mkuu uliyeandika humu jukwaani kutoka Tanga, swali lako kwamba hizi taasisi za sanaa zinamsaidia msanii kweli nimelisoma, na majibu uliyopewa nimeyasoma yote. Umesema mna kikundi cha watu wanane, ngoma za kwenu na gita moja, umeambiwa ukiingia Sauti za Busara, lile tamasha la muziki la Zanzibar, wanakupeleka Ulaya, halafu wachangiaji wakakuvunja moyo kwamba yale ni mambo ya wazungu wanapeana wenyewe kwa wenyewe. Mie napiga fidla kwenye kikundi cha kidumbak, muziki wetu wa harusi, hapa Unguja, na kwa vile kwenye kikundi ndo mwenye kufungua imeili kila siku nikatwishwa na makaratasi yote, kwa hiyo haya mambo nayajua ya steji na ya mafaili. Itakuwa ndefu, mtaniwia radhi.

Kwanza hakuna mtu anayekupeleka. Busara hawana ndege. Wanachofanya ni kukuweka mbele ya watu wanaonunua shoo, na kabla ya hapo wanakubana mpaka uwe kikundi ambacho mtu wa mbali anaweza kufanya nacho kazi bila kuumwa kichwa. Hicho cha pili ndo kikubwa kuliko chote na sioni mtu anakisema humu.

Busara Promotions, ndo waandaaji wenyewe, ilianza 2003, tamasha la mwanzo likapigwa Februari 2004 pale Ngome Kongwe, na toka hapo ni kila Februari ukiacha 2016 ambayo ntaisema huko mbele. Sharti lao kubwa ni laivu. Hakuna kupigiwa muziki wa flashi, hakuna plebeki, uje na vyombo vyako upige. Sasa wengi tunajiona sisi ndo laivu wenyewe, si tunapiga maharusini kutwa? Lakini kupiga harusini na kupiga kwenye steji kubwa ni mambo mawili mbalimbali. Harusini kidumbak unaanza saa unayotaka, nyimbo moja inaunga nyingine, watu wakikolea unakwenda saa nzima hamna wa kukuuliza. Kule unapewa muda wako, ukiisha umeisha, na nyuma yako kuna bendi imeshasimama na magita shingoni.

Halafu kuna saundicheki, kule kujaribu mitambo kabla ya shoo. Tulipotakiwa tupeleke orodha ya vyombo na maiki na mchoro wa nani anasimama wapi tulitazamana, maana sisi tumezoea kukaa duara. Sanduku letu (kwa asiyejua, ni lile boksi la mbao lenye fimbo na kamba, ndo besi yetu) fundi mitambo alizunguka nalo wee, akaweka maiki juu ikawa inavuma, akaishusha chini karibu na mdomo wa boksi ndo sauti ikatoka ya kueleweka. Yule fundi ni kijana wa hapahapa, na wengi wa aina yake kazi wameijulia kwenye steji ile. Toka siku hiyo tunayo karatasi yetu, chombo gani kinataka maiki gani na inakaa wapi, na kila tunapokwenda tunaituma kabla. Karatasi hiyo imetuletea heshima kuliko CD yetu, wallahi.

Malipo yapo, ila usije ukayapigia hesabu za kununulia bati za nyumba. Kulala na kula vipo. Kinachobaki ni wale wageni wanaosimama nyuma kabisa karibu na ukuta. Kuna wakurugenzi wa matamasha ya nchi nyingine wanakuja mahsusi kusikiliza, na mchana wake kuna vikao vya kukutana nao, wanaviita Busara Xchange. Hawapigi makofi sana hao, wanasikiliza nyimbo mbili tatu wanaondoka, we unadhani umewaudhi. Sisi imeili ilikuja tumeshasahau, mtu anauliza mko wangapi, mnalipisha ngapi, mnazo tarehe? Basi. Hakuna aliyetaka kujua historia ya kidumbak.

Na ujue kwa nini wanauliza mko wangapi. Nauli ndo inaua dili zote. Kikundi cha watu sita kutoka huku mpaka huko kwa shoo moja hakuna tamasha litakalokubali hilo, kwa hiyo wao kwa wao hupanga njia. Kwa mfano kusini huko kulikuwa na mzunguko wa matamasha unaitwa Igoda, Bushfire ya Eswatini, Azgo ya Maputo, Zakifo ya Durban na Sakifo ya Réunion, walikuwa wanapanga tarehe zifuatane ili bendi ikishavuka mara moja ipige pahala kadhaa na gharama wagawane. We ukiwa na watu wanane anza kujiuliza sasa hivi, je mnaweza kupiga watano? Najua inauma. Kwetu ilileta ugomvi wa kweli, mpiga cherewa (manyanga) mmoja mpaka leo salamu zake ni za mdomoni tu.

Haya, tuje kwenye makaratasi maana hapa ndo watu wanafia. Pasi ya kusafiria ni shilingi 150,000, watu wanane hiyo ni milioni moja na laki mbili na bado hamjatoka Tanga. Viza ya Schengen, ile ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, toka Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima, nane hizo ni 720, bila ya ada ya kile kituo cha maombi, na ukinyimwa hawarudishi. Bima ya safari lazima iwe ya euro 30,000 kwenda juu. Alama za vidole unakwenda kuweka Dar mwenyewe, sie wa huku tuongeze na boti kwenda na kurudi. Kibali cha baraza la sanaa, nyie huko bara ni BASATA, sisi ni BASSFU. Halafu wanakutaka uonyeshe kwamba utarudi: barua ya kazi, taarifa za benki za miezi kadhaa. Sasa msanii wa ngoma barua ya kazi atoe wapi? Mpiga sanduku wetu seremala, mmoja mvuvi, mmoja ana bajaji ya mtu. Benki hela inaingia asubuhi inatoka mchana.

Hapa ndo nimeiona faida ya taasisi kwa macho yangu. Barua ikitoka kwa watu wanaojulikana, yenye mhuri, inayosema hawa tunawafahamu, wamepiga kwetu, ratiba yao ya huko ni hii na nani anawalaza na nani anawalisha, inatazamwa vingine kabisa na barua niliyoandika mimi kwenye simu. Haimaanishi utapita. Ubalozi mmoja ulimpa viza mpiga ngoma ukamnyima mwimbaji, na ubalozi siutaji, ikabidi tugawane nyimbo na mimi nikaimba na fidla begani, waliokuwepo Mungu awalipe kwa subira yao.

Kingine ambacho hukijui mpaka ukae na mtu anayejua ni kodi. Ujerumani msanii mgeni anakatwa asilimia 15 pamoja na nyongeza, jumla 15.825, juu kwa juu kabla hujashika hela. Lakini malipo ya msanii mmoja kwa shoo moja yakiwa hayazidi euro 250 hakatwi. Maana yake mkataba ukiandikwa kwa mafungu ya mtu mmojammoja unaweza kuwa tofauti kabisa na ukiandikwa kwa jina la meneja peke yake. Nani angekuambia hilo Tanga, au Unguja? Sie tuliambiwa na dada mmoja anayefanya kazi za uratibu wa wasanii, tukiwa tunakunywa kahawa, na kikao kile hakikuwa na bango wala mgeni rasmi.

Sasa hilo la "mambo ya wazungu". Kuna ukweli na kuna uvivu. Uvivu ni wa wanaosema tamasha si letu, wakati tiketi ya Mtanzania ni rahisi mbali sana na ya mgeni, na siku ya ufunguzi lile gwaride la mitaani, beni na ngoma na wanaotembea juu ya magongo, linaishia Forodhani na haliulizi tiketi ya mtu. Ukweli ni huu, hela nyingi za hizi taasisi zinatoka kwa wafadhili, balozi na mifuko ya nje, na mfadhili akikohoa huku tunapata homa. 2016 Sauti za Busara haikufanyika, hela haikutosha. Na ile skuli ya muziki, DCMA, iliyoanza kufundisha 2002 pale kwenye jumba la zamani la forodha Mizingani, 2019 ilikuwa inakaribia kufunga milango kwa sababu hiyohiyo, wakati pale ndo watoto wetu wanafundishwa qanuni na udi na taarab ya kusoma nota, na ndo walipotokea bendi ya Siti & the Band ambao wameshazunguka nje huko. Serikali na matajiri wetu walikuwa wapi? Harusi ya milioni themanini tunaweza, mwalimu wa qanuni hatumlipi. Hapo mie siwalaumu wazungu.

Ukweli mwingine, na huu unaniudhi zaidi, ni kwamba mwenye hela mara nyengine anataka kukupangia uwe nani. Kuna promota mmoja wa nje alitutaka tuache kinanda, tuvae kaniki na tukae chini kwenye mkeka, eti ndo asili. Yakhe, kidumbak ni muziki wa harusi za mitaa ya Ng'ambo hapa Unguja, watu wanavaa madhahabu na suti, kaniki tumetoa wapi! Tulikataa na shoo ikapotea. Ndo maana nawaheshimu sana wale jamaa wa Nyege Nyege wa Kampala, wenye lebo ya kutoa muziki. Singeli hapa kwetu ilionekana muziki wa vigodoro na uhuni tu, wao 2017 wakatoa mkusanyiko wa nyimbo za studio ya Sisso ya Dar, spidi ileile, fujo ileile, hawakuipunguza wala kuivalisha kaniki, na vijana wakaenda kupiga Ulaya vilevile walivyo. Taasisi ikikuchukua hivyo, nenda nayo.

Kuna dada kauliza pembeni kuhusu wachoraji. Sio fani yangu ila kwa kifupi, Dar kuna Nafasi Art Space pale Mikocheni, ilianza 2008, studio zake ni makontena, msanii anakodi chumba kwa bei nafuu na wageni wanakuja kukaa na kufanya kazi humohumo, kwa hiyo dunia unakutana nayo mlangoni bila ya viza. Na ushirika wa Tingatinga uliandikishwa 1990, wapo Oysterbay. Mzee Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alianza 1968 kwa kuchora kwenye silingi bodi na rangi ya baiskeli, 1972 akapigwa risasi na polisi kwa kudhaniwa mwizi, wanafunzi wake ndo wakaubeba mtindo mpaka Japani unajulikana. Lakini angalia maduka ya Mji Mkongwe leo, ule mtindo kila mtu anaunakili na hakuna anayejua alipwe nani. Kutangazwa duniani bila ya kulindwa kuna madhara yake, na hapo taasisi nyingi hazijafanya kitu. Dada, saini kazi zako, piga picha kila kitu kabla hujauza.

Turudi kwako mkuu. Maombi ya Busara hufungwa miezi mingi kabla ya Februari, mara nyingi katikati ya mwaka, kwa hiyo usingoje Disemba. Kuna kamati inasikiliza, na inasikiliza muziki, haisomi sifa. Kwa hiyo usihangaike na klipu ya studio yenye droni na bahari, rekodi mazoezi, kamera moja isimame pahala pamoja, nyimbo tatu mwanzo mpaka mwisho bila kukata, sauti isikike vizuri. Andika mistari michache nyie nani na ngoma yenu ya wapi, kwa Kiswahili chako kwanza ndo mtu akutafsirie, usianze na "sisi ni kikundi mahiri kilichoanzishwa kwa lengo la". Kikundi kiandikisheni, mfungue akaunti ya benki kwa jina la kikundi na wekeni saini tatu, sio moja, maana siku hela ya kwanza ikiingia ndo mtajuana. Mkubaliane mgawo kabla, tena kwa maandishi, hata kama ni ndugu. Na pasi mbili tatu anzeni kuzikata taratibu, kila shoo ya harusi mkatoe kidogo.

Mkikosa mwaka wa kwanza ombeni tena. Sie hatukuingia papo kwa papo.

Weka hapa rekodi yoyote mliyonayo, hata ya simu, tuisikilize humu kabla hujaituma, kuna mafundi saundi kwenye hili jukwaa wanakaa kimya tu. Na huyo mpiga gita msogezeni mbali kidogo na ngoma, kwenye chumba kidogo gita moja mbele ya ngoma zote hizo halisikiki.