Mnaoanza kucheza beki kwenye hoki ya barafu, mtazameni Lidström

Wadogo zangu mliopangwa beki msimu huu, najua mnachowaza: kumgonga mtu hadi ukuta wa uwanja utikisike. Nami nilianza hivyohivyo. Kila mshambuliaji nilimvamia, na kila nilipomkosa nilijikuta nimekumbatia ukuta, yeye yuko uso kwa uso na kipa wetu. Aliyeniponya ni Nicklas Lidström, yule beki Msweden wa timu ya Detroit Red Wings, ambaye mechi zake nilizirudia usiku kucha.

Detroit walimchagua mwaka 1989, akiwa wa 53 katika uteuzi wa wachezaji chipukizi wa NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini. Alianza kuwachezea 1991 akastaafu 2012: misimu 20, mechi 1,564 za msimu wa kawaida, klabu ileile moja. Katika mechi zote hizo alikaa nje kwa adhabu dakika 514. Pigeni hesabu: haifiki dakika moja kwa kila mechi 3, na huyo ndiye beki aliyepangiwa washambuliaji hatari kuliko wote.

Alifanyaje? Mnapomtazama, achaneni na kisahani, kile kinachochezwa badala ya mpira, fuateni fimbo yake. Anarudi kinyumenyume, ameishika kwa mkono mmoja, ubapa umelala kwenye barafu na kuziba njia ya katikati. Mshambuliaji anabakiwa na pembeni tu, na huko nafasi inazidi kubana kadiri anavyosonga. Akishabanwa ukutani, Lidström anakidokoa kisahani, kichwa kiko juu, na pasi imeshatoka. Hiyo pasi ya kwanza ifanyieni mazoezi kuliko kitu kingine chochote. Timu nyingi zinafungwa kwa sababu beki amenyang'anya vizuri kisha akatoa ovyo.

Msione haya kupiga golini hata kutoka mbali. Mwaka 2002 Detroit walikuwa wamepoteza nyumbani mechi 2 za kwanza za raundi ya mtoano dhidi ya Vancouver, raundi ambayo mshindi ni wa kwanza kushinda mechi 4. Mechi ya tatu iko 1-1, Lidström akapiga kutoka katikati ya uwanja, kisahani kikampita kipa. Waligeuza matokeo, wakachukua Kombe la Stanley, ubingwa wa NHL, naye Lidström akawa mchezaji wa kwanza kutoka Ulaya kupewa tuzo ya Conn Smythe, ya mchezaji bora wa mechi za mtoano.

Na msikate tamaa mapema. Tuzo ya Norris, ya beki bora wa NHL, aliikosa akiwa wa pili miaka 3 mfululizo kabla ya kuipata 2001. Aliichukua mara 7, ya mwisho ana miaka 41.

Kesho mazoezini tunaanza na kurudi kinyumenyume, fimbo mkono mmoja, bila kisahani.