Jibu: Godauni kuukuu Kisumu kugeuzwa makao ya wasio na makazi

Umeuliza kama godauni la ghorofa moja (chini na juu) karibu na reli laweza kugawanywa vyumba 20 vya watu wanaolala kwenye veranda za maduka. Laweza, ila usianze na kuta. Anza na majitaka.

Godauni huwa na choo kimoja tu pembeni. Bomba la inchi 4 likilazwa kwa mteremko wa sentimita 2.5 kila mita, choo kilicho mita 12 kutoka kwenye bomba la wima linaloteremsha majitaka kitashusha bomba sentimita 30, nalo litaning'inia juu ya kitanda cha jirani wa chini. Fundi atapunguza mteremko ili lisionekane, kisha litaziba kila wiki. Kwa hiyo panga vyumba viwili viwili, vyoo vikiegemea ukuta mmoja, na choo cha juu kikae moja kwa moja juu ya cha chini.

Katikati ya jengo ni giza. Huko weka stoo na chumba cha kufulia; vyumba vya kulala vyote vipate dirisha linalofunguka.

Paa likiwa la asibesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, msilitoboe wala kulikata. Liondolewe na mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Kibali cha kubadilisha matumizi ya jengo nacho kitoke kaunti kabla ya kununua hata tofali moja.

Na tafadhali, tengeni mshahara wa msaidizi wa jamii na mlinzi wa usiku kwenye bajeti ya kila mwaka, si ya ujenzi. Wafadhili hupenda kulipia rangi, si mishahara. Kila mkazi apewe ufunguo na mkataba wake.