Maswali ya edita: vidole vyenu vyauma, na mimi nimegeuzwa daktari

Haya jamani, maswali yenu ya edita, yaani programu za kuandikia kodi na maandishi kama Vim na VS Code, yamerundikana, kila mtu anataka ajibiwe peke yake na mimi sina mikono minane, kwa hivyo nimechukua matano niyamalize hapa kabla stima haijapotea. Kahawa chungu iko, twende.

Kijana wa chuo, Tudor: "Kuna mkubwa wetu anatumia Vim, mausi hagusi kabisa, twamuona kama mchawi. Nimekopi faili lake la setingi nikaliweka kwangu, sasa nikibonyeza hiki chatokea kile. Nifanyeje?"

Futa. Wallahi futa lote. Faili la setingi ni kama ndara za mtu, zishakaa umbo la mguu wake, wewe ukizivaa lazima zikutoe malengelenge. Mimi yalinikuta, nilichukua mistari kama mia tatu ya jamaa mmoja nikajiona fundi, siku niko na kazi ya mteja nikabonyeza spesi nikidhani nateremsha ukurasa, kumbe kwa yule bwana spesi mara mbili ni kufunga faili bila kusevu, nikabaki natazama skrini tu kama nimefiwa.

Anza na faili tupu, weka hii mitatu peke yake:

`set number relativenumber`
`set scrolloff=8`
`set ignorecase smartcase`

Wa kwanza ndio mtamu. Pembeni unaona namba zinazohesabu kutoka pale ulipo, kwa hivyo ukiona mstari unaoutaka una 12 hapo chini, unaandika `12j` (j ni kushuka) ushafika, hakuna kuhesabu kwa macho. Wa pili unazuia kasa (ile alama ya skrini inayoonyesha unapoandika, si kasa wa baharini wa Watamu) asigande ukingoni, kila saa unaona mistari minane ya mbele. Wa tatu ni wa kutafuta, ukiandika herufi ndogo anatafuta zote, ukitia kubwa anajua wataka hiyo hiyo. Alafu fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike `vimtutor`, somo la Vim lenyewe, ni nusu saa hivi, na usiongeze kitu kingine mpaka uone kuna jambo umelirudia siku nzima hadi limekukera. Hilo ndilo la kutengenezea njia ya mkato, si lile uliloona kwa mtu.

Dada wa Likoni: "Natumia VS Code kutwa, kidole changu cha mwisho cha kushoto kinauma mpaka nikishika chuma cha feri nasikia."

Pole dada yangu. Hiyo ni Ctrl, imewekwa pembeni huko chini kidole kinajipinda kuifuata. Sasa niambie, Caps Lock mara ya mwisho uliitumia lini kwa kukusudia? Kitufe kikubwa, mahali pazuri, kazi hakina. Kigeuze kiwe Ctrl. Windows kuna PowerToys, programu ya Microsoft, ndani yake kuna sehemu ya kupanga kibodi, Mac iko kwenye setingi za kibodi zenyewe, Linux jaribu `setxkbmap -option ctrl:nocaps`. Siku mbili tatu utakosea kosea, usirudi nyuma.

Na nina wasiwasi pia unashikilia mshale wa chini mpaka ufike unakokwenda. Acha. Ctrl+P unaandika vipande vya jina la faili unafunguliwa, Ctrl+G unataja namba ya mstari, Ctrl+D inakuchagulia neno hilo hilo lijalo ubadilishe yote kwa pamoja. Ukipotea, Windows ni Alt na mshale wa kushoto, inakurudisha ulikotoka. Na kama kidole hakipoi muone daktari wa kweli, si mimi.

Mzee wa Mji wa Kale: "Mwanangu, naandika hadithi kwa Vim, mjukuu ndiye alonifundisha. Mbona nikiruka neno kwa `w`, kwenye ng'ombe inasimama mara tatu?"

Shikamoo mzee wangu, swali lako nimelipenda kuliko yote. Vim haijui kama ile alama ya juu kwetu ni sehemu ya neno, inaona ng, inaona alama, inaona ombe, vitu vitatu. Mwambie mjukuu atie `set iskeyword+=39`, hiyo 39 ni namba ya ile alama kwenye kompyuta, na ng'ombe, ng'ambo na king'ora zote zitarukwa mara moja. Ukiwa na haraka tumia `W` kubwa, yenyewe inaangalia nafasi tu.

Na la ziada: `inoremap jk <Esc>`, ukibonyeza j na k haraka unatoka kwenye kuandika bila kuifuata Esc kule juu. Wazungu wengine wanasitasita na hii, lakini Kiswahili hakina neno lenye j na k zikifuatana, baada ya j sisi twataka irabu au w. Labda mzee uwe waandika uwanja wa ndege wa Nairobi kwa herufi ndogo, jkia, hapo utatupwa nje.

Bwana wa Kisauni: "Kwani hjkl, hizi herufi za kusogeza kasa kwenye Vim, zilitoka wapi? Mishale si ipo?"

Ilikuwa haipo pale. Bill Joy aliandika vi, edita iliyozaa Vim, mwaka 1976 akitumia ADM-3A, mashine ya zamani ya skrini na kibodi, na mishale yake ilikuwa imechorwa juu ya h, j, k, l zenyewe. Esc nayo ilikuwa pale Tab ilipo leo, ndio maana yeye haikumsumbua. Vim ikaja 1991, ya Bram Moolenaar, Mholanzi aliyefariki 2023, na ukiifungua tupu inakuomba usaidie watoto wa Uganda, si utapeli, alifanya kazi huko Kibaale. Ukitaka mishale tumia mishale bwana, hakuna polisi.

Wa Bamburi: "Skrini nyeusi au nyeupe?"

Barazani mchana na lile jua, nyeupe, nyeusi utajiona uso wako tu. Usiku nyeusi. Na herufi zikuze, 16 si aibu.